Mkono wa Kwanza Kuvunjika: Miaka 200 ya Historia ya Mifupa ya Mwanamke



Bibi yangu mzaa mama alivunjika mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na miaka 58. Ilikuwa siku ya mvua, akateleza uani, akatanguliza mkono chini ili ajizuie, na kifundo cha mkono kikavunjika. Alifungwa hogo, akakaa nalo wiki kadhaa, likafunguliwa, akarudi jikoni kwake kama kawaida. Sisi wajukuu tulilichorachora hogo lile kwa kalamu, tukacheka naye, tukasahau.

Mara ya pili alikuwa na miaka 71. Alfajiri aliamka kwenda kutia udhu, marumaru ya chooni yalikuwa yameroa maji ya sabuni, na taa haikuwashwa kwa sababu hakutaka kutuamsha. Safari hii ilikuwa nyonga. Hakurudi tena jikoni. Alilala kitandani miezi minne, vidonda vikamtoka mgongoni, kifua kikajaa, kisha akatangulia mbele ya haki. Mungu amrehemu.

Siku ya hitma yake maneno yalikuwa mawili: uzee, na kadari. Sibishani na lolote kati ya hayo. Lakini miaka imepita, nimekuwa nikisoma kidogo kidogo juu ya mifupa, na kila ninachosoma kinanirudisha kwenye mkono ule wa kwanza. Ule mkono ulikuwa barua. Ulikuwa unatuambia kitu miaka 13 kabla ya nyonga kuvunjika, na hakuna aliyetusomea. Madaktari walioisoma barua hiyo walianza zaidi ya miaka 200 iliyopita. Leo nataka tupitie historia hiyo pamoja, kwa sababu ni historia yetu sisi wanawake, na kwa sababu mama zetu wako hai bado.

Mkono wa Dublin

Mwaka 1814, daktari mpasuaji wa Dublin, nchini Ireland, aitwaye Abraham Colles, aliandika makala fupi kuhusu aina moja ya mvunjiko. Mtu huanguka mbele, hutanguliza kiganja, na mfupa wa mkono huvunjika karibu na kifundo. Kifundo kinapinda, ukikitazama kwa ubavu utadhani ni uma wa mezani. Zama hizo wengi walifikiri ni mteguko tu. Colles aliutambua mvunjiko huo kwa macho na vidole vyake, maana eksrei haikuwapo. Hadi leo madaktari wanauita kwa jina lake, na hadi leo unawapata zaidi wanawake waliovuka umri wa hedhi.

Miaka 8 baadaye, 1822, mpasuaji wa London, Astley Cooper, alitoa kitabu chake kuhusu mivunjiko na viungo kuteguka. Alizungumzia shingo ya mfupa wa paja, pale paja linapoingia kwenye nyonga. Akaeleza kuwa watu wanapozeeka mifupa yao huwa myepesi na dhaifu, na kuwa mvunjiko wa hapo huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na mara nyingi kwa kuanguka kudogo tu. Hakujua sababu. Lakini aliliona jambo, akaliandika.

Eksrei ilikuja mwaka 1895, Wilhelm Röntgen alipoigundua huko Ujerumani. Picha yake mashuhuri ya mwanzo, iliyopigwa tarehe 22 Disemba mwaka huo, ilikuwa ya mkono wa mkewe, Anna Bertha. Mifupa ya vidole inaonekana, na pete yake. Nikiitazama picha ile huwa nafikiri: mkono wa mwanamke ndio uliowaonyesha watu mfupa ulio ndani ya mtu aliye hai. Na mfupa ulio hai ni kitu kinachojengwa na kubomolewa kila siku, mchana na usiku. Haufanani na jiwe. Unafanana zaidi na nyumba ya udongo inayotaka kukandikwa mara kwa mara; fundi akilegea, mvua inashinda.

Matege ya watoto wa mjini

Ili tuelewe fundi huyo anahitaji nini, turudi nyuma kidogo, kwa watoto.

Karne ya 17 Uingereza ilikumbwa na maradhi yaliyopinda miguu ya watoto. Daniel Whistler aliyaandika mwaka 1645, na Francis Glisson akatoa kitabu kizima mwaka 1650. Sisi tunayaita matege. Mifupa ya mtoto inakuwa laini, uzito wa mwili unaikunja, miguu inapinda nje kama upinde, au magoti yanagongana. Viwanda vilipozidi na moshi wa makaa ukafunika anga ya miji ya Ulaya, maradhi yalizidi.

Mwaka 1822, mwaka ule ule wa kitabu cha Cooper, daktari wa Kipoland Jędrzej Śniadecki aliandika kuwa watoto wa mjini wanapinda na wa shamba hawapindi, na kuwa dawa ni kuwatoa nje wapigwe na jua. Watu hawakumsikiliza sana. Mwaka 1890 Theobald Palm, daktari wa kimisionari aliyewahi kufanya kazi Japani, aliwaandikia wenzake waliokuwa sehemu mbalimbali za dunia akiwauliza kama wanaona matege huko waliko. Akahitimisha kuwa nchi zenye jua jingi maradhi haya ni nadra, hata pale ambapo watu ni maskini na chakula ni duni. Naye hakupata masikio mengi. Wakubwa wa tiba walishikilia kuwa ni uchafu, au ni maambukizi, au ni ukoo.

Mwaka 1919 mambo mawili yalitokea. Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwaweka watoto wenye matege chini ya taa inayotoa mionzi kama ya jua. Eksrei zikaonyesha mifupa inakauka na kukomaa. Zaidi ya hapo, alipomulika mkono mmoja tu, mkono wa pili nao ulipona. Maana yake ni kwamba ngozi inatengeneza kitu kikaingia kwenye damu na kufika kila mahali. Mwaka huo huo Uingereza, Edward Mellanby aliwafuga watoto wa mbwa ndani ya nyumba kwa chakula cha aina moja hadi wakapata matege, kisha akaonyesha kuwa mafuta ya ini la samaki yanazuia. Kwa hiyo mmoja aliponya kwa mwanga, mwingine kwa mafuta ya samaki. Vipi vitu viwili mbali hivi vifanye kazi moja?

Mabibi wa Vienna

Aliyetoa jibu linaloshikika ni mwanamke, na sijui kwa nini hatufundishwi jina lake. Harriette Chick alizaliwa mwaka 1875. Alipoomba kazi kwenye Taasisi ya Lister ya London mwaka 1905, wapo waliopinga kwa kuwa ni mwanamke. Akaajiriwa hata hivyo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Vienna ilikuwa mji wenye njaa. Maziwa hakuna, makaa hakuna, watoto wanapinda mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1919 Chick alikwenda huko na timu yake, karibu wote wanawake, akiwemo Elsie Dalyell, Margaret Hume na Helen Mackay. Walifanya kazi kwenye hospitali ya watoto iliyoongozwa na Clemens von Pirquet. Yeye aliamini matege ni maambukizi, na hakutarajia chakula kibadilishe chochote, lakini kwa uungwana aliwaachia wodi.

Walichofanya kilikuwa cha subira. Watoto wachanga waligawiwa: hawa wanapata chakula cha kawaida cha hospitali, hawa wanaongezewa mafuta ya ini la samaki. Usafi ule ule, wauguzi wale wale, chumba kile kile. Majira ya baridi yalipokuja, watoto wa chakula cha kawaida walianza kupata matege. Wa mafuta ya samaki walisalimika. Majira ya joto yalipofika na watoto wakatolewa nje juani, tofauti ikatoweka, na waliokuwa wagonjwa wakapona. Kazi hiyo ya miaka ya 1919 hadi 1922 ilimaliza ubishi. Jua na mafuta ya samaki ni mlango mmoja wenye funguo mbili.

Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani alitenga sifa hiyo ya mafuta ya samaki na kuipa jina la vitamini D. Leo tunajua inavyokwenda: mionzi ya jua inapogusa ngozi, mwili unatengeneza vitamini D, ini na figo zinaikamilisha, nayo ndiyo inayoufungulia utumbo mlango wa kupokea madini ya kalsiamu kutoka kwenye chakula. Bila hiyo, unaweza kunywa maziwa na mengi yake yakapita bila kufika kwenye mfupa.

Harriette Chick aliishi hadi mwaka 1977. Alifariki akiwa na miaka 102.

Waliotawa

Sasa tufike kwenye sehemu inayotugusa sisi hasa, na naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kukasirika.

Mwaka 1922 madaktari wawili, Hutchison na Shah, waliandika kuhusu mji wa Nasik, India. Walikuta jambo lililopindua mawazo ya wengi. Familia zenye uwezo, Waislamu na Wahindu, waliokula vizuri lakini wanawake na watoto wao wakitawa ndani ya nyumba, ndio waliokuwa na mifupa laini. Maskini waliofanya kazi shambani kutwa, chakula chao duni, mifupa yao ilikuwa imara. Kilichowatenganisha kilikuwa jua.

Miaka 6 baadaye, 1928, daktari mwanamke wa Kiingereza aliyefanya kazi Kashmir, Kathleen Vaughan, alitoa kitabu kuhusu alichokiona kwenye wodi za wazazi. Wasichana walioingizwa ndani wakiwa wadogo, kwenye vyumba vyenye giza, mifupa yao ya nyonga ililainika na kujikunja. Walipobeba mimba, njia ya mtoto ilikuwa imebana. Wapo waliofia kwenye uchungu, wao na watoto wao. Wanawake wa mashambani waliofanya kazi juani hawakupata msiba huo.

Dada zangu, wapo watu wanaosoma habari hizi na kusema: mnaona, tatizo ni stara. Mimi nasema wamesoma vibaya. Stara ni kwa macho ya ajinabi. Haijasema mahali popote kuwa mwanamke afichwe jua. Ndani ya nyumba yako, mbele ya maharimu wako, mikono na miguu yako iko huru. Kilichowaua wanawake wa Kashmir ni vyumba vya giza na ua usiokuwapo.

Wazee wetu walilijua hili bila ya kusoma kitabu. Tazameni nyumba za Mji Mkongwe: katikati kuna ua ulio wazi juu, mbingu inaonekana, na nyingi zina sehemu ya paani yenye ukuta wa kumsitiri mtu. Nenda shamba, utakuta ua wa makuti nyuma ya nyumba. Humo ndimo bibi zetu walimokuna nazi, walimosuka ukili, walimoanika mchele na kufua, mikono wazi, kanga kiunoni, hakuna mwanamume mgeni anayewaona. Walikuwa na stara na jua pamoja.

Sisi wa leo tunaishi fletini. Ua tumeuezeka bati ili tupate chumba cha kupangisha. Dirisha tumelitia kioo, na kioo kinazuia ile mionzi inayotengeneza vitamini D, hata kama jua linaingia hadi kitandani. Tunatoka nyumbani kwenda kazini ndani ya gari, mwili wote umefunikwa, tunarudi magharibi. Nchi za Ghuba, ambako wengi wetu tuna shangazi na binamu, zina jua kali, na tafiti nyingi za huko zimekuta upungufu mkubwa wa vitamini D, hasa kwa wanawake. Jua la nje halikusaidii ukiwa ndani.

Hedhi inapokoma

Mifupa laini ya matege ni jambo moja. Mifupa ya bibi yangu ilikuwa na jingine, au pengine yote mawili. Mfupa wake haukulainika; ulikuwa mwepesi, umetoboka ndani kama mkate.

Sababu aliyoikosa Astley Cooper iliwekwa wazi na Fuller Albright, daktari wa Boston, mwaka 1941. Alipowatazama wagonjwa wake waliovunjika uti wa mgongo bila ajali kubwa, aliona karibu wote ni wanawake ambao hedhi imekoma, wakiwemo wenye umri mdogo ambao vifuko vyao vya mayai vilikuwa vimeondolewa kwa upasuaji. Akaunganisha jambo hilo na homoni ya estrojeni, ile inayotawala hedhi. Leo tunajua kuwa ndiyo pia inayomzuia mbomoaji wa mfupa. Inapopungua, mbomoaji anafanya kazi haraka kuliko mjenzi.

Kwa hiyo miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma ndiyo miaka ambayo mfupa hupungua kwa kasi. Haumi, wala hausemi. Mwanamke anafupika kidogo, mgongo unapinda, nguo inaburura mbele, tunasema "Bi mkubwa kazeeka." Kumbe vipingili vya uti wa mgongo vinabonyea kimoja kimoja. Na mahali pa kwanza pa kuvunjika kwa kishindo mara nyingi ni kifundo cha mkono, kwa sababu mwanamke wa miaka 55 bado ana wepesi wa kutanguliza mkono anapoanguka. Wa miaka 75 hana tena wepesi huo. Anaanguka kwa ubavu, na nyonga inapokea pigo lote. Hiyo ndiyo barua niliyoitaja. Mkono wa Colles unatangulia, nyonga ya Cooper inafuata.

Dawa zipo. Kurudisha estrojeni kulitumika sana hadi mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani ulipoonyesha kuwa mchanganyiko wa homoni uliotumika, ingawa ulipunguza mivunjiko ya nyonga, uliongeza saratani ya matiti na kiharusi. Tangu mwaka 1995 zipo pia dawa zinazomfunga mikono mbomoaji wa mfupa. Hizi ni za kuzungumza na daktari, si za kununua dukani kwa kusikia.

Mfupa unapenda kazi

Mwaka 1892 mpasuaji wa Berlin, Julius Wolff, alieleza kanuni ambayo bado inasimama: mfupa hujijenga kufuatana na uzito unaoubeba. Mchezaji wa tenisi, mfupa wa mkono anaoshikia kipigio ni mnene kuliko wa pili. Wanaanga wanaokaa angani, ambako mwili hauna uzito, hupoteza asilimia 1 au zaidi ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Mfupa usio na kazi mwili unaubomoa, hauoni faida ya kuutunza.

Lakini hapa kuna jambo la kulipima. Wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya pwani walioanza kilimo cha mwani mwaka 1989 hawakosi kazi wala jua. Mifupa yao inapata mzigo. Ila kazi ya kuinama saa nyingi kwenye maji na kubeba magunia yaliyoroa inaumiza mgongo na magoti. Mfupa na kiungo si kitu kimoja. Mfupa unataka uzito. Kiungo, pale mfupa unapokutana na mfupa, kina gegedu laini ndani ambalo likiisha halirudi upesi. Kwa hiyo kazi iwe ya mwendo na ya zamu: nyanyuka, nyoosha mgongo, chuchumaa kwa magoti unapobeba badala ya kukunja kiuno, gawa gunia moja kuwa mawili.

Na kwa wale wetu wenye kazi ya kukaa, uzito wa mwili ndio gunia lenyewe. Utafiti wa mwaka 2005 uliofanywa Marekani kwa watu wenye maumivu ya goti ulionyesha kuwa ukipunguza kilo 1 ya mwili, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Hesabuni hatua za siku moja tu.

Kuanguka kunazuilika

Nilidhani zamani kuwa mzee kuanguka ni jambo lisilo na tiba. Mwaka 1997, watafiti wa Dunedin, New Zealand, walitoa matokeo yao. Waliwachukua wanawake 233 wenye miaka 80 na zaidi. Nusu walifundishwa nyumbani mazoezi mepesi: kunyanyua mguu wenye uzito mdogo, kusimama kwa mguu mmoja, kutembea kisigino mbele ya vidole. Baada ya mwaka, waliofanya mazoezi walianguka mara chache sana kuliko wenzao. Bibi wa miaka 80! Misuli na mizani ya mwili inarudi hata umri huo.

Vidonge navyo vina kisa chake. Mwaka 1992 utafiti wa Ufaransa kwa wanawake 3,270 waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za wazee ulionyesha kuwa vitamini D pamoja na kalsiamu vilipunguza mivunjiko ya nyonga. Watu wakakimbilia vidonge dunia nzima. Kisha mwaka 2022 utafiti mkubwa zaidi wa Marekani, wa watu zaidi ya 25,000 wenye afya ya kawaida, ukakuta vitamini D pekee haikuwapunguzia mivunjiko. Ukiweka tafiti hizo mbili pamoja, somo ni jepesi: kidonge kinamfaa aliyepungukiwa. Asiyepungukiwa hakimwongezei kitu. Ndiyo maana ni bora kupima kabla ya kumeza.

Tuanzie nyumbani

Haya ndiyo niliyoyafanya kwetu baada ya bibi, kwa ajili ya mama yangu ambaye sasa ana miaka 63.

*Choo kwanza.* Tumeondoa kizulia kinachoteleza, tumefunga bomba la kushikia ukutani karibu na pahala pa kutilia udhu, na kuna kigoda imara cha kukalia. Taa ndogo inawaka usiku kucha. Kandambili zilizokwisha soli zimetupwa. Gharama yake yote haikufika nusu ya tuliyotumia siku moja ya hospitali.

*Jua.* Jua la mapema sana ni zuri kwa roho, lakini mionzi inayotengeneza vitamini D ni michache wakati huo. Kipimo chepesi: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, mionzi ipo. Kwetu hapa ni kama saa nne asubuhi na kuendelea. Mama hukaa uani mikono na miguu wazi, anachambua mchele au anasoma, muda mfupi, mara kadhaa kwa wiki. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kidogo kuliko nyeupe, lakini si hadi iungue. Ndugu zetu wenye ualbino wasifuate ushauri huu; jua kwao ni hatari ya saratani, na wao wapate vitamini D kwa chakula na kwa daktari.

*Chakula.* Dagaa wanaoliwa na miiba yao ni kalsiamu tupu, na sisi tumezungukwa nao. Vibua na samaki wengine wa mafuta wana vitamini D. Maziwa, mtindi, ufuta, maharage, mboga za majani. Chumvi na soda zipungue.

*Mwendo.* Kutembea kila siku. Kusimama kwa mguu mmoja ukishika ukuta, kulia na kushoto. Kuinuka kitini bila kushika mkono, mara 10. Na msizidharau rakaa zenu, maana kuinama, kusujudu na kuinuka ni mwendo wa viungo vyote. Bi Aisha, Mungu amridhie, amepokea kuwa mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na kila kimoja kina sadaka yake. Na tumefundishwa kuwa rakaa mbili za Dhuha zinatosha badala ya sadaka hizo. Sisemi kuwa ibada ni mazoezi. Nasema viungo ni amana, na tutaulizwa.

*Na barua ikija, isomwe.* Mama, shangazi au dada aliyevuka miaka 50 akivunjika mkono kwa kuanguka akiwa amesimama tu, msiishie kwenye hogo. Mwulizeni daktari kuhusu uimara wa mifupa, kuhusu vitamini D, kuhusu dawa. Na mkono ufungwe na mwenye elimu yake. Vidole vikivimba, vikififia rangi au kufa ganzi ndani ya bandeji, rudini siku hiyo hiyo bila kungoja kesho.

Nimeisoma Sura ya Maryam mara nyingi tangu bibi aondoke. Nabii Zakariya alipomlalamikia Mola wake uzee, alianza na mifupa: kuwa imedhoofika. Hakuona haya kusema. Nasi tusione haya kusema, mapema, kabla ya nyonga. Kadari tunaiamini, na kisa cha ngamia tunakijua sote: hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali.

Leo ukimaliza kusoma, nenda kaingie choo cha mama yako. Gusa sakafu kwa mguu. Kama inateleza, umeshajua pa kuanzia.

Mungu awarehemu bibi zetu waliotangulia, na atupe mifupa ya kutufikisha salama.